Gogo la Saa Nne

Kabla hakijawa darasa, chumba kilikuwa stoo ya karatasi za mitihani. Kilipakwa rangi mara mbili, na harufu ya panya haikutoka. Ndani mlikuwa na meza moja, kompyuta moja, viti viwili, taa iliyofungwa kwenye mpini wa fagio, na magodoro mawili membamba yaliyoegemezwa ukutani ili sauti isirudi. Mwalimu alikaa mbele ya magodoro hayo kila Ijumaa saa nne asubuhi na kufundisha watoto ambao hakuwahi kugusa daftari zao.

Walikuwa watoto wa darasa la tatu katika shule nne ndogo, kila moja mbali na mwenzake, na zote mbali naye. Kila shule ilipewa skrini moja ya kutundika ukutani na kamera ndogo juu yake. Kwenye kompyuta Mwalimu aliona vidirisha vinne, na katika kila kidirisha vichwa thelathini hivi, vidogo kama maharage. Alijifunza kuwatambua kwa jinsi walivyokaa. Kwenye shule ya pili kulikuwa na mtoto aliyeitwa Kofia, kwa sababu aliivua pale tu alipoamrishwa na kuivaa tena mara amri ilipogeuka mgongo. Kwenye shule ya tatu kulikuwa na msichana aliyekaa karibu kabisa na skrini, mkono wake umeinuliwa hata kabla ya salamu. Wenzake walimwita Swali.

Somo lilikuwa msitu wa mvua. Muhtasari uliandika "bayoanuwai ya msitu wa mvua", neno ambalo watoto walilitamka kama watu wenye kiazi cha moto mdomoni. Mwalimu aliliweka kando mpaka wiki ya tano. Kabla ya hapo alisema "wingi wa aina", wakamwelewa.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia kwenye msitu wa mvua. Alisomea ualimu jioni kwa miaka mitatu, mwaka wa kwanza mtoto akiwa mgongoni, mwaka wa mwisho mtoto huyo huyo akikimbia kati ya madawati na kuwaibia watu wazima kalamu. Aliyekuwa msituni alikuwa mlinzi wa msitu, mwanamume wa makamo aliyeitwa Buti, kwani hakuna aliyewahi kumwona na viatu vingine zaidi ya buti zake za mpira. Watoto walimwita Mjomba Buti. Alikuwa na simu ya ofisi, na kila Ijumaa kazi yake ilikuwa kuelekeza kamera ya simu hiyo mahali alipoambiwa.

Shida ilikuwa mtandao. Kule ndani ulifika mahali pamoja tu, penye gogo kubwa lililoanguka kando ya njia na kuacha tundu la mwanga kati ya miti. Hatua sita kushoto, picha inaganda. Hatua sita kulia, Mjomba Buti anakuwa sauti isiyo na mtu. Kwa hiyo, kwa watoto mia moja na ishirini, msitu mzima wa mvua ulikuwa gogo.

Wiki ya kwanza hawakulipenda.

"Mwalimu, tembo yuko wapi?" aliuliza Kofia.

"Leo hatuna tembo."

"Amejificha nyuma ya gogo?"

Madarasa yote manne yalicheka. Mwalimu aliwaambia wahesabu aina za vitu vyenye uhai wanavyoviona. Wakapata vinne: gogo lenyewe, majani, sisimizi, na kitu cha njano ambacho hakuna aliyejua ni nini.

"Gogo tusilihesabu," alisema Swali. "Limekufa."

"Sawa, tulitoe," alisema Mwalimu. "Tuone sasa nani amehamia kwa marehemu."

Hapo ndipo walipoanza. Kila shule ilipewa kipande chake cha gogo: ya kwanza upande wa mizizi, ya pili ubavu wa juu, ya tatu penye ufa, ya nne ncha iliyoanza kuoza. Kila mtoto alichora kipande cha shule yake, na kila Ijumaa aliongeza alichokiona. Viumbe ambao Mwalimu hakuwajua kwa majina, wala kitabu hakikuwajua, watoto waliwapa majina yao wenyewe. Majani mafupi laini yaliyofunika ubavu wa juu yakawa Zulia. Uyoga wa rangi ya kahawia uliojikunja ukawa Masikio ya Babu. Buibui aliyekaa tunduni bila kutoka akawa Mpangaji. Jongoo mkubwa aliyepita kila wiki kwenye njia ile ile, bila haraka wala kupiga honi, akawa Dereva. Kufikia wiki ya nane hesabu ilikuwa aina sitini na moja.

Nyumbani kwa Mwalimu habari hizi hazikumvutia kila mtu. Mama yake mzazi, ambaye mjukuu alimwita Bibi mpaka nyumba nzima ikamwita Bibi, alisikiliza mwanzo hadi mwisho huku akichambua mchele.

"Kwa hiyo wamenunua skrini nne," alisema, "ili watoto wa watu watazame kuni."

"Siyo kuni, mama. Ni gogo."

"Haya. Kuni kabla ya shoka."

Barua ilikuja wiki hiyo ya nane. Mpango ulikuwa wa majaribio, muhula mmoja tu, na Ijumaa ya wiki ya tisa, katika kipindi cha mwisho, mkaguzi angekaa katika shule ya tatu na kutazama kipindi kizima. Kutokana na ripoti yake ofisi ingeamua: somo liendelee, au skrini zote nne zing'olewe na kupelekwa kwenye shule za sekondari kwa ajili ya hesabu. Mkataba wa Mwalimu nao ungekwisha siku ile ile ya mwisho wa muhula. Hilo halikuandikwa kwenye barua, kwa kuwa wote walilijua.

Fundi mitambo, aliyekaa kwenye kile kiti cha pili na kulinda nyaya kama mtu anayechunga mbuzi, aliisoma barua akiwa amesimama.

"Mkaguzi atataka wanyama," alisema. "Muhtasari una chui. Una mbega, una hondohondo. Wewe una jongoo."

"Nina jongoo wa aina tatu."

"Hongera sana."

"Na watoto wanawajua wote watatu. Ukiwaonyesha chui watasema chui, basi, somo limeisha."

"Mimi unanishawishi wa nini? Mimi ni wa nyaya. Kamshawishi yeye."

Alhamisi Mwalimu alimpigia Buti simu mara tatu. Mara ya kwanza kumkumbusha saa. Mara ya pili kumkumbusha kuchaji. Mara ya tatu, jioni, alikuwa anamwogesha binti yake kwenye beseni, simu imebanwa kati ya sikio na bega, na hakuwa na la kumkumbusha.

"Huyo mgeni," aliuliza Buti, "ni mkubwa kiasi gani?"

"Mkubwa, Mjomba. Yeye ndiye atakayeamua kama tunaendelea."

"Ndiyo maana sauti yako imebadilika."

"Imebadilika?"

"Tangu simu ya kwanza. Sikiliza, Mwalimu, usijisumbue. Hili niachie mimi."

Mwalimu alimshukuru. Binti yake, mwenye miaka mitano na sabuni hadi kwenye nyusi, aliuliza kama kesho Dereva atapita. Akaambiwa atapita. Akauliza kama Dereva ana mke. Bibi alijibu kutoka jikoni kwamba kwa mwendo ule hajampata bado.

*

Ijumaa, saa nne kasorobo, Fundi alimuunganisha Buti ili kujaribu picha kabla ya kuipeleka shuleni.

Picha ilikuja safi kuliko siku zote. Buti alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Nyuma yake kulikuwa na kitu kirefu, chekundu kidogo, kilichong'aa kwa maji. Mwalimu alihitaji muda kutambua kwamba ni gogo. Zulia halikuwepo. Masikio ya Babu hayakuwepo. Kangaga zilizokuwa zimening'inia ubavuni zilikatwa kwenye shina. Gome lililokuwa limelegea lilikuwa limebanduliwa lote, na ufa wa shule ya tatu ulikuwa umekwanguliwa hadi ndani kwa kitu chenye ncha.

"Shikamoo, Mjomba," alisema Mwalimu polepole.

"Marahaba. Umeona?" Buti aligeuza kamera huku na huku. "Nimeanza saa kumi na mbili. Panga, fagio gumu, ndoo tano za maji kutoka kijitoni. Lilikuwa na uchafu! Miaka yote hii nakaa nalo sikujua. Sasa mgeni akitazama, ataona gogo lenyewe."

Mwalimu aligeuza macho kwenye vidirisha. Katika kidirisha cha shule ya tatu mkaguzi alikuwa ameshafika. Alikuwa mama mwenye mvi zilizokatwa fupi, amekaa nyuma ya darasa kwenye kiti cha plastiki, faili gotini. Alikuwa anachonga penseli.

Fundi alizima sauti.

"Tunayo ya Ijumaa iliyopita," alisema. "Niliirekodi yote. Dakika arobaini, gogo likiwa na nguo zake. Naibonyeza hapa, inaonekana kama ya leo."

"Hapana."

"Haya."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasoro dakika nne. Kwenye skrini Buti alikuwa amechukua kitambaa na kufuta tone la maji lililobaki kwenye gogo. Mkaguzi alipuliza vumbi la penseli, akafungua faili.

"Iweke," alisema Mwalimu.

Akawasha sauti na kumwambia Buti kwamba mtandao unasumbua kidogo, asubiri pale pale wataungana naye baadaye. Buti alisema hana haraka. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa asubuhi ile, na ulitoka kwa urahisi.

Dakika sita za mwanzo zilikwenda vizuri. Mwalimu alizungumza juu ya picha, sauti yake imetulia. Alieleza jinsi Zulia linavyoshika maji ya mvua kama sifongo, na jinsi kangaga zinavyoota juu ya Zulia kwa sababu hiyo. Alisema kwamba kila aina ilikuwa imempa mwenziwe nafasi, na kwamba huko kubanana ndiko kunakoitwa bayoanuwai. Madarasa yalilitamka neno kwa pamoja, na safari hii kiazi hakikuwa cha moto sana. Mkaguzi aliandika.

Kisha Dereva akatokea upande wa mizizi, na mkono wa Swali ukapanda.

"Ndiyo, Swali."

"Mwalimu, leo Dereva anapita kama wiki iliyopita."

"Dereva hupita kila wiki."

"Ndiyo, lakini wiki iliyopita alifika penye ufa akasimama." Swali aliinuka akasogea hadi pua yake ikakaribia skrini. "Saa hizi atasimama."

Dereva akasimama.

"Atageuka kulia."

Dereva akageuka kulia.

"Ataanguka."

Dereva akaanguka. Madarasa yote manne yalilipuka kwa kicheko. Katika shule ya pili Kofia alipanda juu ya benchi. "Na tone litaanguka kwenye Sikio la Babu!" alipiga kelele. "Lile la kushoto! Moja, mbili..." Tone likaanguka. Watoto wakapiga makofi. Mtu mmoja katika shule ya nne akaomba Dereva arudishwe aanguke tena.

Swali hakuwa anacheka. Alikuwa amefungua daftari lake na kulilinganisha na skrini, kidole chake kikipita kwenye mchoro.

"Mwalimu," alisema, "hii ndiyo ile ile ya wiki iliyopita."

Kicheko kiliisha kwa vipande, shule moja baada ya nyingine, kwa sababu sauti ilichelewa kuwafikia. Mkaguzi aliweka penseli chini. Fundi alianza kuangalia waya mmoja kwa makini sana.

Mwalimu angeweza kusema ni marudio. Neno lilikuwa tayari mdomoni, neno zuri la kufundishia, hakuna ambaye angeuliza zaidi. Swali alikuwa anamtazama. Kwa kuwa kamera ilikuwa juu ya skrini, ilionekana kana kwamba anatazama mahali fulani chini ya kidevu cha Mwalimu.

"Ni kweli," alisema Mwalimu. "Ni ya wiki iliyopita. Niliwaonyesha kama ya leo, nikawadanganya. Gogo la leo halina vitu vyake. Niliona mgeni wetu atalitazama na kusema hatujajifunza kitu, nikaogopa."

Mkaguzi aliichukua tena penseli yake.

"Kwa hiyo sasa tutatazama la leo," alisema Mwalimu, na kumwashiria Fundi.

*

Buti hakujua lolote. Alipoona taa ya simu yake imewaka alitabasamu hadi meno ya nyuma.

"Hamjambo watoto! Karibu sana mgeni wetu!" Akasogea pembeni ili gogo lionekane lote.

Kisha shule ya pili ikaanza.

"Zulia letu!"

"Masikio ya Babu yako wapi?"

"Mpangaji amefukuzwa! Mjomba amemfukuza Mpangaji!"

"Mjomba, umefanya nini?"

Katika shule ya kwanza mtoto mmoja alilia, kilio kidogo cha kukatakata, na mwenzake akamwambia anyamaze, kisha naye akaanza. Tabasamu la Buti lilibaki usoni kwa muda baada ya sababu yake kuondoka. Alitazama gogo, akatazama simu.

"Nilifagia," alisema. "Mgeni anakuja. Mgeni akija, si unafagia?"

"Unafagia, Mjomba," alisema Mwalimu. "Hata mimi ningefagia. Nilikupigia simu mara tatu nikakutia wasiwasi wangu, na sikukuambia hata mara moja mgeni anakuja kutazama nini. Hilo ni kosa langu." Akawageukia watoto, yaani akatazama kamera. "Hakuna atakayemsema Mjomba. Amefanya kwa heshima. Fungueni daftari."

"Tuandike nini?" aliuliza mtoto wa shule ya nne, akivuta makamasi.

"Mahudhurio. Kila shule itazame kipande chake. Aliyepo, alama. Asiyekuwepo, mstari."

Daftari zilifunguliwa. Kwa dakika mbili hakukuwa na sauti ila ya penseli na ya Buti akihema karibu mno na simu. Kisha Swali akainua mkono.

"Mjomba, ule uchafu umeutupa wapi?"

"Kule." Buti alionyesha kwa kidevu. "Nyuma ya ule mti. Nimeurundika vizuri, nilitaka nikimaliza niuchome."

"Usiuchome!" Sauti zilikuwa thelathini, kisha sitini.

"Siuchomi! Siuchomi, jamani."

"Tuone," alisema Swali.

Buti akaondoka na simu mkononi. Kwenye hatua ya sita picha ikaganda juu ya buti moja na nusu. Ikabaki hivyo. Fundi alibonyeza hiki na kile, jasho likimtoka, na buti moja na nusu ikaendelea kuwa msitu wa mvua.

Mwalimu alikuwa amewahi kupoteza mtandao, lakini kamwe si mbele ya mkaguzi. Akaomba mahudhurio yasomwe. Shule ya kwanza ilisoma majina kumi na mawili ya waliokosekana. Ya pili, kumi na tisa. Kofia aliyasoma akiwa amevua kofia bila kuamrishwa. Shule ya nne ilibishana kama kiumbe anayejificha ahesabiwe hayupo au amechelewa, na Mwalimu akawaachia wapige kura. Walipofika shule ya tatu, mkaguzi aliinuka kwenye kiti chake cha plastiki, akaenda hadi dawati la pili, akaomba daftari la mtoto aliyekaa hapo. Alilifungua ukurasa kwa ukurasa. Mtoto alimnong'oneza kitu, na mkaguzi akainama ili asikie.

Picha ilirudi. Buti alikuwa amebeba ndoo.

"Kule hamuoni," alisema, "basi nimewaletea huku."

Akatia mkono kwenye ndoo na kuanza kupanga juu ya gogo, konzi baada ya konzi. Watoto walimwongoza. Zulia ubavu wa juu, Mjomba, siyo hapo, kushoto. Hilo gome ni letu, lete upande wa mizizi. Usibonyeze! Buti alifanya kila alichoambiwa, shati lake la pasi likiwa na matope hadi kwenye kola. Mpangaji alipatikana akiwa amejikunja kwenye jani, wakadhani amekufa, kisha akanyoosha mguu mmoja na shule ya tatu ikashangilia kama mtu aliyefunga goli.

Kipande kikubwa cha gome kilikuwa kimegeuka ndani nje. Buti alitaka kukirudisha kilivyokuwa, na Swali akamzuia.

"Subiri. Sogeza simu. Karibu zaidi."

Upande ule wa ndani wa gome hakuna aliyewahi kuuona katika wiki zote nane, kwa kuwa ulikuwa umeshikana na mti. Kulikuwa na funza mweupe mnene. Kulikuwa na mende bapa kabisa, kana kwamba mtu alimkalia. Na kulikuwa na mdudu mdogo kama punje ya mchele, mwenye makucha mawili ya mbele kama nge, lakini bila mkia.

"Hao hatukuwahesabu," alisema Swali.

"Hatukuwahesabu," alikubali Mwalimu. Alikuwa amesimama bila kujijua, na kwenye pembe ya skrini za shule zote nne, mahali pa picha yake ndogo, kichwa chake kilikuwa kimekatwa.

Sitini na mbili, sitini na tatu, sitini na nne. Wakaandika. Lakini ndoo ilipokwisha na mahudhurio yakasomwa tena, waliopatikana kati ya wale sitini na mmoja wa zamani walikuwa ishirini na wawili tu. Dereva hakuwemo.

"Wengine watarudi lini?" aliuliza mtoto aliyelia.

"Sijui," alisema Mwalimu.

Mkaguzi, ambaye hakuwa amesema neno tangu saa nne, alizungumza kutoka nyuma ya darasa. Sauti yake ilifika kwa shida na Fundi akaiongeza.

"Nani atarudi kwanza?"

"Sisimizi!" ilisema shule ya kwanza.

"Uyoga!"

"Uyoga hauna miguu, utarudije?"

"Haurudi, unaota!"

"Zulia likikauka hakuna atakayerudi," alisema Swali. "Mjomba aanze kwa kulimwagia maji. Kidogo. Kama mvua, siyo kama ndoo."

Mkaguzi alimtazama Mwalimu kupitia kamera. "Na wewe unasemaje?"

"Sijui, Mama Mkaguzi. Tukiendelea kutazama tutajua."

Muda ulikuwa umekwisha dakika nane zilizopita. Hakuna shule iliyotaka kuzima, hadi umeme ulipokatika katika shule ya nne na kuamua kwa niaba yao.

*

Mkaguzi alipiga simu saa tisa alasiri, akiwa njiani. Ulisikika mngurumo wa gari.

"Ile picha ya zamani. Nani alishauri?"

Fundi, aliyekuwa anakunja nyaya, aliacha kukunja.

"Niliamua mimi," alisema Mwalimu.

"Sikuuliza nani aliamua."

"Ndilo jibu nililonalo, mama."

Gari lilipita kwenye shimo na kutoka. "Nitaandika yote mawili," alisema mkaguzi. "Kwamba ulijaribu kuudanganya ukaguzi. Na kwamba darasa la tatu lilikukamata. Nimekagua miaka ishirini na sita. Sijawahi kuona mtu akikamatwa kwa ushahidi wa jongoo."

Mwalimu hakujua kama anaruhusiwa kucheka, kwa hiyo hakucheka.

"Wanamjua chui?" aliuliza mkaguzi.

"Kwa picha."

"Wafundishe na chui. Muhtasari ni muhtasari." Simu ikakatwa.

Jioni alimsimulia Bibi. Bibi aliacha alichokuwa anafanya, jambo la nadra.

"Ulimwambia mtoto wa darasa la tatu kwamba umemdanganya? Mbele ya mkubwa wako?"

"Ndiyo, mama."

"Mh." Bibi akafikiri. "Na yule wa kwenye tundu, alipona?"

"Mpangaji? Alipona."

"Afadhali," alisema Bibi, na kurudi kwenye kazi yake.

Uamuzi ulifika wiki tatu baadaye, ukurasa mmoja. Skrini zibaki kwa muhula mwingine. Mkataba wa Mwalimu uongezwe kwa muhula huo huo, siyo zaidi, na barua ya onyo iwekwe kwenye faili lake. Ofisi haitaruhusu picha za zamani kutumika kama za leo. Tena, Mwalimu aandike barua ya kuomba radhi na kuisoma kwa wanafunzi wa shule zote nne na kwa mlinzi wa msitu, mwanzoni mwa kipindi cha kwanza cha muhula mpya.

Aliiandika mara tano. Ya kwanza ilikuwa ndefu na ilieleza sana. Kila alipoisoma upya alifuta mstari mmoja wa kujitetea, hadi ikabaki nusu ukurasa.

Ijumaa ya kwanza ya muhula mpya, saa nne, vidirisha vinne vilifunguka. Likizo ilikuwa imewarefusha. Buti alikuwa kwenye laini, mahali pake, akiwa na shati la kazi. Wiki zote zile alikuwa amelimwagia gogo maji kwa kopo lililotobolewa matundu, asubuhi na jioni, na alikuwa amekataa kumwambia mtu yeyote alichokiona.

Mwalimu alisogeza kiti, akaishika karatasi kwa mikono miwili na kuisoma. Alisoma kwamba mwalimu anayewaambia watoto watazame vizuri hana haki ya kuwaonyesha kitu kisicho cha kweli. Alisoma kwamba walimkamata kwa sababu walifanya alichowafundisha, na kwamba angependa waendelee kumkamata. Alimwomba Mjomba Buti radhi kwa kumwacha asubiri kwa uongo. Alipomaliza aliikunja karatasi.

Aliona shingo zinanyooshwa, watoto wa nyuma wakisimama, wengine wakiinama kushoto na kulia. Mkono wa Swali ulikuwa juu.

"Ndiyo, Swali."

"Tumesikia, Mwalimu. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi sogea. Uso wako umejaa skrini nzima, unatukinga gogo."

Fundi alibonyeza, na Mwalimu akatoka kwenye picha.